Kupima Kukakamaa kwa Chuma cha Manganizi kwa Bonyeo la Goroli

Chuma cha manganizi hutoka kiwandani kikiwa na ugumu wa kawaida tu. Taya mpya ya krasha ya kokoto ikipimwa kwa njia ya Brinell husoma kati ya 180 na 220 hivi, ugumu usiozidi sana ule wa feleji nyingi za mashine. Baada ya taya hiyo kuvunja mawe magumu kwa muda, uso wake huweza kusoma 450 hadi 550, ilhali chuma cha ndani kimebaki vilevile. Hakuna kilichopakwa juu yake, wala haikurudishwa tanuruni. Mapigo na migandamizo ya mawe ndiyo iliyoukakamaza uso. Fundi wa machimbo, mkaguzi wa reli au mnunuzi wa vipuri anayetaka kujua kama chuma alichonacho kina tabia hiyo hawezi kuijua kwa kusoma namba moja ya ugumu iliyoandikwa kwenye cheti. Namba moja hueleza chuma kilivyo sasa. Kukakamaa ni tofauti kati ya namba mbili, na sehemu kubwa ya kazi ya upimaji ni kuhakikisha kwamba namba hizo mbili zinalingana kwa kifaa, kwa mzigo na kwa mahali.

Chuma kinachosubiri kupigwa na chuma kilichokwisha kuwa kigumu

Feleji ya manganizi ilibuniwa na Robert Hadfield mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1882. Huwa na kaboni kati ya asilimia 1 na 1.4, na manganizi kati ya asilimia 11 na 14 hivi. Baada ya kusubiwa hupashwa moto kupita nyuzi 1000 za Selsiasi, kisha huzamishwa majini. Hapo ndipo inapotofautiana na feleji nyingine: patasi au panga likizimishwa majini huwa gumu na jepesi kuvunjika, lakini chuma cha manganizi kikizimishwa hulainika na kuwa kinamo. Joto huyeyusha kabaidi zilizokuwa zimejikusanya kwenye mipaka ya chembe za chuma, na maji hupoza haraka kabla hazijajitenga tena. Kinachobaki ni muundo wa austenaiti, ambao katika feleji za kawaida huonekana chuma kikiwa bado motoni tu.

Chuma chenye muundo huo kinapopigwa, tabaka za atomi huteleza, na sehemu za fuwele hujigeuza kuwa pacha za sehemu jirani. Kila mpaka wa pacha huwa kizuizi kwa utelezi unaofuata, na atomi za kaboni nazo huzishika kasoro zinazosafiri ndani ya fuwele. Vizuizi husongamana, na kila pigo jipya hukutana na upinzani mkubwa kuliko lililotangulia. Zamani ilidhaniwa kwamba uso hugeuka kuwa martensaiti, kama feleji ya kawaida inapozimishwa. Katika chuma cha manganizi chenye mchanganyiko sahihi, kazi kubwa hufanywa na pacha na kaboni.

Aina ya pili ya feleji zinazohimili kulika ni mabamba ya martensaiti, kama yale ya Hardox 400, 450 na 500 yanayotengenezwa na SSAB ya Uswidi, ambayo namba zake hufuata ugumu wa Brinell unaokusudiwa. Mabamba haya hufika yakiwa tayari magumu. Mapigo huyaongezea kidogo tu, kwa kuwa nafasi ya kuongezeka imekwisha kutumika kiwandani. Hutumiwa kwenye mabodi ya malori ya mchanga, ndoo za vijiko na mifereji ya kushushia mawe, mahali ambapo kuna kusugua kwingi kuliko kupiga.

Kabla ya kupima chochote ni lazima ijulikane kilicho mezani ni kipi kati ya hivyo viwili. Sumaku hutosha. Bamba la martensaiti huivuta kwa nguvu, na chuma cha manganizi hakiivuti. Tahadhari moja tu: ngozi ya chuma cha manganizi kilichotoka kwenye kalibu au tanuru huwa imepoteza sehemu ya kaboni na manganizi yake, kwa hiyo sumaku huweza kunasa kidogo juu ya ngozi hiyo. Uso ukiguswa na grainda kidogo, mvuto hutoweka.

Kifaa cha kuchagua

Kipimo kinachofaa zaidi kwa chuma cha kusubu ni kile cha Johan August Brinell, mhandisi wa Uswidi aliyekitangaza mwaka 1900. Goroli ya kabaidi ya tangsteni yenye kipenyo cha milimita 10 hugandamizwa juu ya uso kwa mzigo wa kilogramu-nguvu 3000 kwa sekunde 10 hadi 15, kisha kipenyo cha bonyeo hupimwa kwa hadubini ndogo. Ugumu ni mzigo huo uliogawanywa kwa eneo la uso wa bonyeo. Bonyeo la milimita 4.20 ni 207, la milimita 4.00 ni 229, la milimita 3.00 ni 415, na la milimita 2.75 ni 495. Kwa hiyo safari nzima ya chuma cha manganizi, kutoka upya hadi kukakamaa, inaingia ndani ya milimita mbili za kipenyo. Kila bonyeo lipimwe kipenyo mara mbili, kwa mielekeo inayokatana kama msalaba, na wastani ndio uandikwe.

Ukubwa wa bonyeo ni faida kwa chuma cha kusubu. Chembe zake ni kubwa, na bonyeo dogo linaweza kuangukia ndani ya chembe moja likatoa habari za chembe hiyo peke yake.

Kipimo cha Rockwell C kinajulikana na kila karakana, lakini kwa kazi hii kina kasoro inayokiondoa mapema. Skeli yake haiaminiki chini ya 20, ambayo ni sawa na Brinell 229 hivi. Chuma kipya cha manganizi kiko chini ya hapo. Mpimaji atapata namba ya mwisho bila kuwa na namba ya mwanzo ya kuilinganisha nayo. Kipimo cha Vickers, chenye piramidi ya almasi, husoma laini na gumu kwa skeli moja, nacho ndicho cha kutumia tabaka lililokakamaa linapokuwa jembamba.

Kipo pia kipimo cha mkononi cha Leeb, ambacho hurusha kichwa kidogo kigumu kwenye uso na kulinganisha kasi ya kwenda na ya kurudi. Ni chepesi, kinaingia ndani ya krasha bila kung'oa taya, na ndicho mafundi wengi wanachokimbilia. Ubaya wake uko kwenye kioo chake. Kifaa hubadilisha usomaji wa Leeb kuwa Brinell kwa kutumia jedwali la feleji za kawaida za kaboni, ilhali chuma cha manganizi hurudisha kichwa kwa namna yake, kwa sababu hukakamaa papo hapo kinapogongwa. Namba ya Brinell inayoonyeshwa inaweza kuwa mbali na kweli. Ni heri usomaji uachwe katika vizio vya Leeb vyenyewe, HL, na ulinganishwe na HL nyingine ya chuma hichohicho. Karakana yenye mashine ya Brinell inaweza pia kupima kipande kimoja kwa njia zote mbili, kikiwa kipya na kikiwa kimepigwa, na kujitengenezea jedwali lake. Kwa kichwa cha kawaida cha aina ya D, kipande kiwe na uzito wa kilo 5 au zaidi na unene usiopungua milimita 25 hivi. Chepesi kuliko hapo kiegemezwe kwenye chuma kizito, la sivyo hutikisika na kula sehemu ya mrudio.

Kuandaa uso bila kuuharibu

Hapa ndipo vipimo vingi vinapopotea. Uso wa chuma kilichotoka kazini ni mbaya: una mikwaruzo, vumbi la mawe na nyufa ndogo. Haupimiki bila kusawazishwa, lakini tabaka linalotafutwa ni hilohilo linaloondolewa na grainda. Fundi mwenye mkono mzito anaweza kuondoa milimita moja ya uso, akapima chuma cha chini yake, kisha akatoa taarifa kwamba taya haijakakamaa.

Kosa la upande wa pili ni la siri zaidi. Jiwe la grainda lililokandamizwa hukakamaza chuma cha manganizi lenyewe, na joto lake likizidi nyuzi 260 hivi na kudumu, kabaidi huanza kujitenga na chuma hupoteza ukinamo wake. Mpimaji anaweza kusoma ugumu ambao mawe hayakuuleta. Uso usagwe kwa mguso mwepesi na jiwe kali, ukiachwa upoe kila baada ya muda mfupi, kisha umaliziwe kwa msasa wa mkono mpaka ukingo wa bonyeo uonekane wazi. Unene ulioondolewa upimwe kwa kalipa na uandikwe kando ya usomaji.

Nafasi nazo zina kanuni. Kutoka kitovu cha bonyeo moja hadi kitovu cha jingine kusiwe chini ya mara 3 ya kipenyo, na kutoka kitovu hadi ukingo wa kipande kusiwe chini ya mara 2.5. Kipande kiwe na unene wa mara 8 ya kina cha bonyeo au zaidi. Kanuni hizi ni muhimu kwa feleji yoyote. Kwa chuma cha manganizi, bonyeo la kwanza limekwisha kukakamaza chuma kinacholizunguka, na bonyeo la pili likiwekwa karibu mno litapima kazi ya la kwanza.

Hilo linagusa jambo lililo ndani ya kipimo chenyewe. Goroli haisomi chuma kama ilivyokikuta, kwa sababu hukibonyeza, na kubonyeza ni kukakamaza. David Tabor, mwanafizikia wa Cambridge, alionyesha kwamba bonyeo la goroli huwakilisha mkazo wa umbo unaokaribia asilimia 20 ya uwiano wa kipenyo cha bonyeo kwa kipenyo cha goroli. Bonyeo la milimita 4 kwa goroli ya milimita 10 ni asilimia 8. Namba 229 basi ni ya chuma kilichokwisha kubonyezwa kwa asilimia 8. Jambo hilo, linalomsumbua mpimaji wa kawaida, ndilo linalowezesha kupima uwezo wa kukakamaa bila nyundo.

Njia ya mizigo kadhaa

Mwaka 1908 Eugen Meyer wa Ujerumani alieleza kwamba mzigo na kipenyo cha bonyeo hufungwa na kanuni rahisi: mzigo ni sawa na namba isiyobadilika ikizidishwa na kipenyo kilichopandishwa kwa kipeo m. Chuma ambacho hakina tena nafasi ya kukakamaa hutoa m iliyo karibu na 2. Chuma kilicholainishwa kwa moto hutoa hadi 2.5 hivi. Tabor baadaye aliifunga namba hiyo na kipeo cha kukakamaa kinachopatikana kwa kuvuta chuma kwenye mashine: ondoa 2 kutoka kwenye m, na kinachobaki ni makadirio ya kipeo hicho.

Kazi yenyewe huhitaji goroli moja na mizigo minne, kwa mfano 500, 1000, 1500 na 3000. Kila mzigo upewe mabonyeo matatu mahali papya. Logi ya mzigo huchorwa dhidi ya logi ya kipenyo, na mwinuko wa mstari ndio m. Chukulia kipande cha manganizi kilichotoa milimita 1.93, 2.55, 3.01 na 4.00 kwa mizigo hiyo. Kwa kutumia ncha mbili tu, 3000 ni mara 6 ya 500, na 4.00 ni mara 2.07 ya 1.93, logi ya 6 ikigawanywa kwa logi ya 2.07 inatoa 2.46. Kipeo cha kukakamaa ni 0.46 hivi, chuma chenye nafasi kubwa mbele yake. Sasa chukulia bamba gumu lililotoa milimita 1.28 kwa 500 na 3.00 kwa 3000. Hesabu hiyohiyo inatoa 2.10.

Mstari uchorwe kwa nukta zote, hata pale ncha mbili zinapotosha kwa hesabu. Mpimaji akisoma lile bonyeo la 1.28 kuwa 1.33, kosa la sehemu ya ishirini ya milimita, m inapanda kutoka 2.10 hadi 2.20, na makadirio ya kukakamaa yanaongezeka maradufu. Bonyeo dogo hivyo pia liko nje ya mipaka inayoruhusiwa kwa kutoa namba rasmi ya Brinell, ambayo huanzia kipenyo cha asilimia 24 ya goroli. Litumike kwenye grafu tu.

Ipo dalili inayoonekana bila hesabu. Ukingo wa bonyeo kwenye chuma chenye nafasi ya kukakamaa huelekea kuzama kidogo pamoja na goroli, kwa sababu mkazo huenea mbali. Kwenye chuma kilichokwisha kukakamaa, chuma husukumwa juu na kujenga kingo kuzunguka bonyeo. Rula ya chuma ikilazwa juu ya bonyeo na kutazamwa dhidi ya mwanga, tofauti huonekana. Hii haitoi namba, lakini humwonya mpimaji pale grafu inapotoa jibu lisiloaminika.

Njia ya kupiga na kupima

Njia ya Meyer husema chuma kinaanzaje kukakamaa, kwa mgandamizo wa polepole na mkazo usiozidi asilimia chache. Haisemi kitaishia wapi kikipigwa na mawe. Kwa hilo hakuna njia isipokuwa kukipiga.

Kipande cha unene wa milimita 25 au zaidi huwekwa juu ya fuawe au bamba zito. Hupimwa ugumu wa mwanzo. Kisha uzito wenye uso wa mviringo huangushwa juu yake ukiongozwa na bomba, kutoka kimo kisichobadilika. Kilo 5 kutoka mita 1 hutoa takriban jouli 49 kila pigo. Nyundo ya mkono hufanya kazi pia, ila nguvu ya mkono haifanani asubuhi na jioni. Baada ya kila mapigo 10 sehemu iliyopigwa husawazishwa kwa msasa na kupimwa. Ugumu hupanda haraka mwanzoni, kisha mstari wake hulala. Kipimo huendelea mpaka makundi mawili yanayofuatana yasipotofautiana kupita kosa la kawaida la usomaji. Miwani ya kinga na ngao ya uso ni lazima, kwa maana kingo za chuma kilichokakamaa hurusha vipande.

Uso uliopigwa kwa mkono una tabaka jembamba, na hapa Brinell inaweza kudanganya. Bonyeo la ugumu wa 415 lina kina cha milimita 0.23, na chuma huhisi mgandamizo hadi mara 10 ya kina hicho hivi. Tabaka la chini ya milimita 2.3 litasomwa likiwa limechanganywa na chuma laini kilicho chini. Vickers ya kilo 10 juu ya ugumu wa 500 huingia milimita 0.03 tu, na hutosheka na tabaka la milimita 0.3.

Kina cha tabaka ndicho kinachoeleza mengi kuliko namba ya uso. Kipande cha taya au cha njia panda ya reli kilichokwisha kutumika hukatwa kwa diski yenye maji mengi, upande uliokatwa hung'arishwa, na mabonyeo ya Vickers hupangwa kutoka usoni kuelekea ndani kila baada ya nusu milimita. Mstari unaoshuka taratibu ni wa chuma kilichopigwa kwa uzito. Unaoporomoka ndani ya milimita ya kwanza ni wa chuma kilichosuguliwa zaidi ya kupigwa. Pasipo ruhusa ya kukata, mahali pamoja husagwa nusu milimita, hupimwa, husagwa tena. Ni kazi ya kuchosha na joto la grainda huwa adui, lakini hutoa picha inayotosha kwa uamuzi wa kununua.

Kusoma matokeo

Taya iliyotumika kwa wiki kadhaa ikisoma 250, lawama huangukia upesi kwa muuzaji. Huenda hana kosa. Chuma cha manganizi huhitaji mawe yanayopinga. Graniti huipiga taya kwa nguvu ya kutosha. Mawe laini ya chokaa ya matumbawe, kama yaliyochimbwa Bamburi karibu na Mombasa kwa ajili ya saruji, hupondeka kabla ya kuupa uso mkazo wa kutosha. Mchanga unaoteleza huukwangua uso kabla haujakakamaa, na hapo chuma cha manganizi hulika kama feleji ya kawaida. Kwa kazi ya namna hiyo bamba la martensaiti ni chaguo bora, hata kama kukakamaa kwake ni kudogo. Kama kipande kipya cha akiba kutoka kundi hilohilo kinapanda vizuri kwa njia ya kupiga, tatizo liko kwenye kazi, haliko kwenye chuma.

Kinyume chake, kipuri kipya cha manganizi kinachosoma 250 au zaidi kabla ya kuguswa na jiwe hakistahili kufurahiwa. Ugumu huo wa mapema mara nyingi ni wa kabaidi zilizobaki kwenye mipaka ya chembe, ama kwa kupoozwa polepole, ama kwa kupashwa moto tena na mchomeleaji. Chuma cha namna hiyo hupasuka kwa pigo zito. Nukta chache zipimwe kandokando ya eneo lililochomelewa, kuanzia kwenye mshono kwenda nje, na zilinganishwe na sehemu ambayo moto haukuifikia.

Taarifa ya kipimo itaje kifaa na mzigo kwa jina kamili: HBW 10/3000 humaanisha goroli ya milimita 10 na mzigo wa 3000, na HV10 ni Vickers ya kilo 10. Iandikwe pia mahali pa kila bonyeo kwenye mchoro wa kipuri, unene ulioondolewa wakati wa kusawazisha, usomaji mmojammoja pamoja na wastani wake, na saa ambazo kipuri kimefanya kazi pamoja na aina ya mawe yaliyopita. Namba zilizopatikana kwa kifaa kimoja zisigeuzwe kuwa za kingine kwa jedwali la feleji za kawaida. Kama ni lazima zigeuzwe, jedwali lililotumika litajwe.